Ufa wa Tao la Nne

Daftari lina jalada la kijani, pembe zimeliwa na mende.
Kila Jumatatu, kwa penseli ya kukopa, baba aliandika:
tao la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, nyuki.
La nne, ufa, unene wa ukucha.
Kisha tarehe, kisha jina lake lote, Ndurya wa Tsuma,
kana kwamba daraja lingemshitaki.

Tulikaa landhi za Changamwe, chumba kimoja na pazia.
Alfajiri alitoka na nyundo ya mpini mrefu
kugonga reli hadi vilima vya nyuma ya Miritini,
agonge, asikilize,
kama daktari asiyemwamini mgonjwa anayesema "mzima".

Shule zikifungwa nilimfuata.
Mawe yale yalichongwa na watu walioletwa kwa meli;
mmoja wao aliacha alama tatu za patasi chini ya tao.
Baba aliziita saini.
"Huyu," alisema, "hakujua kama atalipwa.
Lakini tazama pembe."
Nikatazama. Wembe haungepita.

Akanifunza kuweka sikio kwenye jiwe.
Kwanza, hakuna.
Kisha kitu kama tumbo la mtu aliyelala na njaa.
Kisha bonde likakohoa,
na gari la moshi kutoka Kilindini likapita juu ya vichwa vyetu
na ngano, na mbolea, na abiria mmoja akatupa ganda la chungwa.
Jiwe lilibaki na joto.
Au lilikuwa shavu langu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Baba hakuziba, maana saruji ilikuwa ya afisi.
Aliripoti.
Ripoti zikapanda gari, zikaenda Nairobi,
na huko nadhani zilipata kazi nzuri, hazikurudi.

Ilirudi barua nyingine: tunakushukuru, tunakupunguza.
Aliisoma amesimama. Akauliza,
"Wamesema nani atagonga Jumatatu?"
Hawakusema. Akagonga mwenyewe,
miaka kumi na mmoja bila mshahara,
na mama akiwaambia majirani,
"Mke mwenzangu ana miguu sita na hapiki."

Leo nimepanda peke yangu, goti likinidai.
Reli zimeng'olewa, zimepimwa kwa kilo.
Ng'ambo ya bonde treni mpya inapita juu ya nguzo za zege,
taratibu, kama mtu aliyevaa soksi.
Sina kinyongo nayo. Nimeipanda. Choo chake ni safi.

Chini ya tao la pili kijana anang'oa mawe kwa mtaimbo,
punda wake amefungwa mkokoteni, ananikodolea.
"Mama, wewe ni wa kaunti?"
"Mimi ni wa tao la nne."
Akacheka, kisha akaacha kucheka, akalaza mtaimbo chini.
Sijui ni heshima, au alikuwa amechoka.

La nne. Upande wa kaskazini, usawa wa bega,
bega lake, si langu; nikasimama juu ya jiwe.
Ufa upo.
Nikaingiza ukucha wa kidole gumba.
Haukuingia.

Nilikaa pale nikiwaza: ama daraja limejifunga
kimya kimya, bila afisi, kama kidonda cha mtoto,
ama kucha za baba zilikuwa nyembamba kuliko ninavyokumbuka,
zimesagwa na kokoto na chuma,
na mimi miaka yote nimemkumbuka mtu mnene zaidi.

Nikafungua daftari. Ukurasa mmoja ulikuwa umebaki.
La kwanza, sawa.
La pili, mawe kumi na tisa hayapo.
La tatu, nyuki, bado.
La nne

na ncha ya penseli ikavunjika,
na kijana yule, bila kuombwa,
akaja akanipa kisu chake.